Haki ya Mlango na Haki ya Njia

Neno mtihani lina maana mbili katika Kiswahili. Kwa maana ya kwanza, mtihani ni maswali ambayo mwanafunzi huulizwa ili kiasi cha maarifa yake kijulikane. Kwa maana ya pili, mtihani ni taabu imfikayo mtu ikapima subira yake. Mtu aliyefiwa na mzazi, au aliyeunguliwa na nyumba, huambiwa na jirani zake kuwa amepata mtihani, wala hapana anayedhani kuwa ameulizwa maswali. Maana hizi zilizaliwa na neno moja la Kiarabu, na aghalabu kila moja hukaa nyumbani kwake bila ya kuisumbua nyingine. Yafaa kutazama mahali ambapo zimekuja kukaa katika nyumba moja, maana hapo huzuka swali zito la haki.

Mahali penyewe ni India. Kila mwaka vijana wa nchi hiyo waliomaliza masomo ya sekondari, au wanaokaribia kuyamaliza, hufanya mtihani wa fizikia, kemia na hisabati ili waingie katika vyuo vya uhandisi. Tangu mwaka 2013 mtihani huo umekuwa na ngazi mbili. Ngazi ya kwanza, iitwayo JEE Main, hufungua milango ya vyuo vingi. Walioongoza katika ngazi hiyo, kiasi cha laki mbili na nusu, hupewa ruhusa ya kufanya ngazi ya pili, iitwayo JEE Advanced, ambayo ni mlango wa vyuo 23 vya Indian Institutes of Technology, au IIT kwa kifupi. Ngazi ya pili hufanywa kwa siku moja, kwa karatasi mbili, kila karatasi saa tatu.

Hesabu ya mwaka 2024 yatosha kuonyesha ukubwa wa jambo hili. Waliofanya ngazi ya kwanza walikuwa kiasi cha laki kumi na nne. Waliofanya ngazi ya pili walikuwa kiasi cha laki moja na elfu themanini. Waliotangazwa kuwa wamefaulu walikuwa 48,248. Nafasi katika vyuo vyote 23 zilikuwa 17,740. Kweli, si wote wa laki kumi na nne waliokuwa wakitafuta vyuo hivyo. Wengine walitaka vyuo vingine, nao waliridhika navyo. Hata hivyo, idadi ya walioutazama mlango ilikuwa karibu mara themanini ya idadi ya walioweza kupita. Neno laki lenyewe lilivuka bahari kutoka India likaja pwani ya Afrika Mashariki pamoja na biashara, likatumika kuhesabu fedha. Huko kwao sasa linahesabu watoto wa watu.

Je, mtihani wa namna hii ni jambo la haki? Wako wanaojibu upesi kuwa ni haki tupu, na wako wanaojibu upesi kuwa ni dhuluma tupu. Majibu yote mawili yana kosa moja: yanaichukua haki kuwa kitu kimoja, ilhali katika jambo hili haki ni mbili. Iko haki ya mlango, na iko haki ya njia inayofika mlangoni. Mlango waweza kuwa na haki na njia ikaikosa. Tena, mlango ukiisha kufungwa, iko hukumu ambayo watu huitoa juu ya waliobaki nje. Na hukumu hiyo yaweza kuwa mbaya hata kama mlango na njia vyote vilikuwa vyema. Asiyeyatenga mambo haya matatu hatajua amsifu nani wala amlaumu nani.

Haki ya mlango isidharauliwe. Chuo cha kwanza cha IIT kilianzishwa Kharagpur mwaka 1951, katika majengo ya Hijli ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imewafungia wapigania uhuru. Mwaka 1931 mahabusu wawili waliuawa humo kwa risasi za polisi. Miaka 20 baadaye taifa lililokwisha kujipatia uhuru liliingiza vitabu mahali palipokuwa na minyororo. Vyuo vingine vilifuata: Bombay mwaka 1958, Madras na Kanpur mwaka 1959, Delhi mwaka 1961. Taifa lilihitaji watu wa kujenga mabwawa, madaraja na mitambo, na vyuo vilikuwa vichache. Ilibidi kuchagua. Njia za kuchagua zilizojulikana duniani hazikuwa nyingi: barua ya mkubwa, jina la ukoo, mfuko wa baba, au maswali.

Katika nchi ambayo jina la mtu liliweza kumwambia mgeni baba yake alifanya kazi gani, na nani angekubali kula naye sahani moja, kuchagua kwa maswali kulikuwa jambo kubwa. Swali la hisabati halimjui anayejibu. Mtoto wa waziri na mtoto wa dobi wakiandika jibu moja hupata alama moja, na mtoto wa waziri akikosea hakosi kukosea kwa sababu ya cheo cha baba yake. Waheshimiwa wengi wa nchi mbalimbali wamejifunza kwa uchungu kuwa mtoto aliyezoea kufunguliwa kila mlango kwa salamu hawezi kuusalimia mtihani wa kemia. Anayetaka kuuondoa mtihani yampasa kwanza aseme ataweka nini mahali pake. Maana nafasi iliyo wazi haikai wazi, na mara nyingi ikiachwa na maswali hukaliwa na udugu na rushwa.

Basi mlango una haki yake. Sasa itazamwe njia.

Katika jimbo la Rajasthan, kando ya mto Chambal, uko mji uitwao Kota. Zamani mji huu ulijulikana kwa viwanda, kwa mawe ya kujengea, na kwa nguo nyepesi za sari. Katika miaka ya 1980 mhandisi mmoja wa kiwanda cha huko, V. K. Bansal, ambaye maradhi ya misuli yalikuwa yakimpunguzia nguvu za mwili, alianza kufundisha nyumbani kwake vijana waliotaka kuingia IIT. Wanafunzi wake walipofaulu, wengine walikuja. Na walipokuwa wengi, walimu wengine nao walifungua madarasa. Mhandisi huyo alifariki mwaka 2021. Huko nyuma kiwanda alichokifanyia kazi kilikwisha kufungwa, lakini kazi aliyoianza mezani kwake ilikuwa imegeuka kuwa riziki ya mji mzima. Vijana waliofika Kota kwa mwaka mmoja walikadiriwa kufikia laki mbili katika miaka iliyojaa kuliko mingine, wengi wao wenye umri wa miaka 15 hadi 18, mbali na mama zao.

Maisha yao ni masomo, mazoezi, na mitihani ya majaribio. Matokeo ya majaribio hutumika kuwapanga katika makundi, wenye alama za juu wakapewa walimu wanaosifika zaidi. Barabarani zimebandikwa picha kubwa za nyuso za walioshinda mwaka uliopita. Baadhi ya vijana huwa na majina katika daftari za shule ambazo hawahudhurii, kwa sababu shule hufundisha mambo mengi na mlango huuliza matatu tu. Fasihi, historia, michezo na mazungumzo ya jioni huonekana kuwa ni upotevu wa wakati. Na gharama za haya yote hulipwa na mzazi, ambaye pengine amekopa au ameuza shamba.

Hapa ndipo kivuli kinapoingia. Swali halimjui anayejibu, lakini anayejibu amekwisha kujulishwa swali, na kujulishwa kuna bei. Mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wakiingia katika chumba cha mtihani huanza pamoja na kumaliza pamoja, saa tatu kwa saa tatu. Ila mmoja amefika kwa gari na mwingine kwa miguu, na mizani haipimi vumbi lililo miguuni. Katika mji wa Patna, mwaka 2002, mwalimu Anand Kumar alianza kuchukua vijana 30 wa kimaskini kwa mwaka, akiwalisha, akiwalaza na kuwafundisha bila ya malipo. Tendo hili limesifiwa, na lastahili sifa. Lakini sadaka ni shahidi. Mahali ambapo mtu mwema hugawa maji njiani, pana ushahidi kuwa njia ile haina kisima.

Iko na bei nyingine isiyolipwa kwa fedha, nayo ni bei ya lugha. Tangu mwaka 2021 ngazi ya kwanza ya mtihani hutolewa kwa lugha 13, zikiwamo Kitamil, Kibengali na Kigujarati. Ngazi ya pili hutolewa kwa Kiingereza na Kihindi tu. Kijana aliyezijua nguvu za umeme kwa Kitamil tangu utoto hupanda ngazi ya kwanza kwa lugha ya mama yake, kisha hukuta ngazi ya pili inasema lugha nyingine. Fizikia ni ile ile, na umeme haubadiliki kwa kuitwa jina jingine, lakini dakika anazozitumia kulielewa swali zimetoka katika saa zake tatu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Mtoto wa Tanzania aliyesoma hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, akaikuta kwa Kiingereza katika sekondari, analijua kwa mwili wake.

Taifa la India lenyewe limekiri kuwa haki ya mlango haitoshi. Katika vyuo hivi nafasi 15 kwa mia zimetengwa kwa watu wa tabaka zilizodharauliwa kwa karne nyingi, 7.5 kwa mia kwa watu wa makabila yaliyoachwa nyuma, na tangu mwaka 2008 nafasi 27 kwa mia kwa tabaka nyingine zilizo nyuma. Mwaka 2019 ziliongezwa 10 kwa mia kwa maskini wasiokuwa katika mafungu hayo. Tangu mwaka 2018 ziliongezwa pia nafasi za wasichana, maana walikuwa wachache mno. Wako wanaosema kuwa mambo haya yanaiharibu haki ya mlango, na hoja yao si ya kuchekwa, kwani kijana aliyepitwa na mwenye alama ndogo kuliko zake huumia kweli, na yeye binafsi hakumdharau mtu. Lakini hoja hiyo hutazama kizingiti peke yake. Mwenye kutazama tangu kijiji mpaka kizingiti huona kuwa alama 200 za mtu aliyebebwa na alama 180 za mtu aliyetembea si lazima ziwe na maana moja.

Yapasa sasa kuuliza jambo la ndani zaidi: safari hii humfanya nini msafiri? Mtihani uliwekwa ili upime maarifa. Je, maarifa hubaki yale yale yakiisha kutafutwa kwa ajili ya kupimwa?

Msomaji achukue mfano wa swali moja la kale la fizikia. Mvuvi amekaa katika mtumbwi unaoelea juu ya maji ya birika kubwa, na ndani ya mtumbwi mna jiwe. Akilitupa jiwe majini likazama, je, maji ya birika yatapanda, yatashuka, au yatakaa pale pale? Wengi hudhani yatapanda, kwa kuwa jiwe limeingia majini. Kweli ni kuwa yatashuka. Jiwe lilipokuwa mtumbwini, lilisababisha mtumbwi usukume maji yenye uzito sawa na uzito wa jiwe. Likiisha kuzama, husukuma maji yenye ukubwa sawa na ukubwa wake tu. Na kwa kuwa jiwe ni zito kuliko maji ya ukubwa ule, maji linayoyasukuma sasa ni machache kuliko ya kwanza.

Wachukuliwe vijana wawili walioandika kuwa yatashuka. Mmoja amekaa, akaona mtumbwi kwa macho ya akili, akapima jambo, akafurahi. Wa pili alikutana na swali hili katika mazoezi ya wiki iliyopita, na jibu amelikumbuka. Mtihani huwapa alama sawa. Mtunga maswali akitaka kuwatenganisha, hubadili jiwe akaweka kipande cha mti kinachoelea. Na hapo maji hayapandi wala hayashuki. Aliyekumbuka ataanguka mwaka ule. Lakini mwaka unaofuata walimu wa mazoezi watakuwa wamelifundisha jiwe na mti pia, na mtunga maswali atatafuta kitu cha tatu. Hivyo mtunga swali na mfunza jibu hufukuzana, na kila mzunguko wa mbio zao huongeza mzigo juu ya kichwa cha mtoto. Zaidi ya hayo, dakika za kila swali ni chache, na katika maswali mengi jibu la makosa hupunguza alama. Basi aliyekaa kulitazama jambo kwa mshangao yamkini atapata hasara kwa sababu ya mshangao wake, nao mshangao ndio mwanzo wa elimu.

Yafaa kusema kweli kwa pande zote. Maswali ya ngazi ya pili yanasifika kwa ugumu wake, na mtu hayajibu kwa kukariri tu. Mazoezi nayo si adui wa akili; fundi wa jahazi hakujua kuunga mbao kwa kufikiri peke yake. Wako vijana ambao katika miaka ile miwili ya taabu waliipenda fizikia wakaishika mpaka uzeeni. Ila hao waliipenda licha ya mbio. Mtu akikimbia kwa kuogopa simba hujifunza kukimbia, lakini hajifunzi njia aliyopita.

Wala mlango haupaswi kudhaniwa kuwa unaona kila kitu. Nchini Ufaransa ilianzishwa mwaka 1794 shule ya wahandisi ya École Polytechnique, ambayo tangu zamani iliwachagua wanafunzi wake kwa mtihani wa mashindano. Kijana mmoja, Évariste Galois, aliufanya mtihani huo mwaka 1828 akakataliwa, akaufanya tena mwaka 1829 akakataliwa. Alikufa mwaka 1832, naye ana umri wa miaka 20. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1846, na leo wanafunzi wa hisabati wa dunia nzima husoma nadharia inayoitwa kwa jina lake. Mfano huu hutumiwa vibaya na watu wanaotaka kusema kuwa kila aliyekosa ana kipaji kilichofichika. Si kweli, wengi waliokataliwa hawakuwa Galois, na wengi waliokubaliwa walistahili. Funzo lake ni dogo zaidi, nalo ni imara zaidi: wenye mtihani walisema kuwa kijana yule hakuvuka kizingiti chao siku ile. Walikuwa na ruhusa ya kusema hivyo. Hawakuwa na uwezo wa kusema zaidi ya hivyo.

Maneno hayo ya zaidi ndiyo hukumu ya tatu, na ndiyo yenye madhara makubwa. Watu husema fulani ameshinda mtihani, na fulani ameshindwa, au ameanguka. Maneno haya yana picha ndani yake. Anayeshindwa amepigana na mtu akazidiwa. Anayeanguka amekosea mahali pa kukanyaga. Picha hizo huutafuta ubaya ndani ya mtoto. Sasa irudiwe hesabu ya mwaka 2024. Waliofaulu, kwa kipimo cha wenye mtihani wenyewe, walikuwa 48,248. Nafasi zilikuwa 17,740. Zaidi ya elfu thelathini walifaulu na nafasi hazikuwatosha. Hao walikosea nini? Hawakukanyaga vibaya popote. Waliufikia mlango, wakagonga kama inavyopasa, wakaambiwa nyumba imejaa.

Na jambo hili haliwahusu hao elfu thelathini peke yao. Kikiwekwa kiti kimoja mbele ya watu themanini, sabini na tisa watasimama, hata wakiwa wote themanini ni wenye hekima. Idadi ya watakaosimama imekwisha kuamuliwa na aliyechonga kiti, kabla swali la kwanza halijaandikwa. Vijana wote wakiongeza bidii mara mbili, hautaongezeka hata mguu mmoja wa kiti. Kitakachoongezeka ni uchovu. Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na methali hiyo ni ya kweli kwa mtu mmoja na kitu chake. Haikusema watu themanini wakiinama kwa kitu kimoja, kosa ni la nani. Mzazi anayemwambia mwanawe ainame zaidi anasema neno la kweli juu ya mwanawe na la uwongo juu ya wote, kwa sababu shauri linalomfaa kila mtu peke yake haliwezi kuwafaa wote pamoja.

Mwaka 2023 vijana zaidi ya 20 waliokuwa wakijitayarisha huko Kota walijitoa uhai. Wenye mamlaka wa mahali hapo walisimamisha mitihani ya majaribio kwa miezi miwili, na Januari 2024 serikali kuu ya India ilitoa mwongozo kuwa madarasa ya namna hii yasiandikishe watoto walio chini ya miaka 16, wala yasiwaahidi watu ushindi. Sababu za kifo cha mtu mmoja ni nyingi, na mgeni hana haki ya kudai kuwa anazijua. Lakini huzuni ya mji ni jambo la kutazamwa na kila mtu. Katika mji ule maana mbili za neno mtihani zimekuwa moja. Mtoto aliyefundishwa kuwa alama zake ndizo thamani yake, akizitazama alama na kuziona ndogo, atajitazama vipi? Amefanya hesabu sahihi kwa kanuni ya uwongo. Waliompa kanuni ile, nao ni wazazi, walimu, magazeti na majirani, hawawezi kusema kuwa hawakuwapo.

Mpinzani ataleta hoja nzito. Atasema kuwa daraja haliulizi mjenzi wake aliteseka kiasi gani. Daraja lililojengwa na asiyejua huanguka, na wanaokufa ni abiria. Basi mchujo uwe mkali, na asiyeweza avumilie. Hoja hii ni ya kweli, ila haithibitishi linalodaiwa. Inathibitisha kuwa mhandisi lazima awe na kiasi fulani cha maarifa, wala asipungukiwe. Haithibitishi kuwa mtu wa 17,740 anajua kujenga daraja na wa 17,741 hajui. Kipimo cha kutosha ni kitu kimoja, na orodha ya nani amemtangulia nani ni kitu kingine. Cha kwanza kinadaiwa na usalama wa abiria. Cha pili kinadaiwa na uchache wa viti, na uchache wa viti ni kazi ya wanadamu, haukuletwa na fizikia.

Afrika Mashariki haisimami mbali na habari hii. Mwaka 2023 chuo cha IIT Madras kilifungua tawi Zanzibar, huko Bweleo, nalo likawa tawi la kwanza la IIT nje ya India. Aliyekabidhiwa kuliongoza, Preeti Aghalayam, alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza kampasi ya IIT. Ni jambo la heri kwamba chuo chenye sifa kimevuka bahari ile ile iliyovukwa na neno laki. Lakini chuo huja na mlango wake, na mlango huita njia. Tanzania imekwisha kuwa na mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati katika kidato cha tano na cha sita, na masomo ya ziada ya kulipia si mageni mijini. Itakuwa ni kukosa busara kuiga vizuri vya wenzetu na kuviiga pamoja na majeraha yao.

Swali lenyewe si jipya huku. Mwaka 1967, katika maandishi yake juu ya elimu ya kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionyesha kuwa shule ya msingi iliyopangwa kwa ajili ya wachache watakaoendelea humfanya aliyebaki ajione kuwa amenyimwa kitu alichostahili. Alitaka elimu ya kila ngazi iwe kamili kwa yule atakayeishia hapo. Katika mambo yaliyotendeka baada ya maneno hayo yako yaliyofaulu na yasiyofaulu, na si mahali pake kuyahesabu hapa. Lakini kipimo alichokitoa bado kinafaa: njia isihukumiwe kwa wale waliofika tu, ihukumiwe pia kwa hali ya wale walioishia katikati. Kijana aliyesoma fizikia kwa miaka miwili asipate nafasi, je, ametoka na fizikia, au ametoka na aibu? Akitoka na fizikia, njia ile ilikuwa elimu. Akitoka na aibu tu, ilikuwa ni foleni.

Basi wajibu wa kila mmoja unaonekana. Mwenye kulinda mlango aulinde, asimpitishe mtu kwa jina wala kwa fedha, na alikumbuke neno dogo alilopewa ruhusa ya kulisema. Mwenye kutawala nchi asijisifu kwa ukali wa mchujo wake, kana kwamba njaa ya wengi ni sifa ya mpishi. Aongeze viti, na achimbe visima njiani. Mwalimu afundishe mtumbwi na jiwe kwa namna ambayo mtoto atawakumbusha wavuvi sababu yake hata kama hataulizwa na mtahini yeyote. Mzazi amwambie mwanawe kabla ya siku ya mtihani, wala asingoje baada yake, kuwa nyumbani hakuna orodha.

Na lugha nayo ina kazi ya kufanya. Watanzania wanapoitazama orodha ya majina ya wanaokwenda sekondari au chuo, hawasemi kila mara kuwa fulani ameanguka. Husema amechaguliwa, au hakuchaguliwa. Maneno haya ni ya kawaida mno, na watu huyasema bila ya kuyapima. Yakipimwa yataonekana kuwa na insafu kuliko yale mengine, kwa sababu yanakiri kuwa yuko aliyechagua, na kuwa viti vilikuwa na idadi. Aliyeanguka hujiuliza ana ila gani. Asiyechaguliwa aweza kuinuka, akachukua hisabati yake, akatafuta mlango mwingine.